Mizinga kwenye misiba ya kifalme: kwa nini Malkia Elizabeth alipigiwa 96 na si 21?

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila ukitokea msiba wa mtu mkubwa, ubishi humu ni uleule: kapigiwa mizinga mingapi, nani alistahili 21, nani kapunjwa. Wiki hii nimesoma mchango wa ndugu mmoja anayesema Malkia Elizabeth II alipigiwa mizinga 21 "kama mkuu wa nchi yeyote". Hapana. Alipigiwa 96, na nilikuwepo.

Nafanya kazi London, kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Malkia alifariki Alhamisi ya 8 Septemba 2022 kule Balmoral, Scotland. Kesho yake bibi niliyekuwa namhudumia, mdogo wa Malkia kwa miaka miwili, akaniambia hataki chai wala televisheni, anachotaka ni kupelekwa Hyde Park. Nikamfunika blanketi magotini, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka tukapata upenyo mbele. Wenye nafasi walimpisha.

Watu walikuwa wengi, kelele hakuna. Kikosi cha farasi cha mizinga ya mfalme, wenyewe wanakiita King's Troop, kiliingia na mizinga sita, kila mmoja ukikokotwa na farasi sita. Mizinga hiyo ni ya zama za Vita Kuu ya Kwanza, magurudumu ya mbao, inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Askari wakaifungua, farasi wakaondolewa pembeni, wapigaji wakapiga goti wakisubiri amri. Saa 7 kamili mchana, mzinga wa kwanza ukalia. Njiwa wa bustani nzima waliruka kwa pamoja. Mlio ule hausikilizwi kwa masikio peke yake, unagonga kifuani, kisha moshi mweupe unatambaa juu ya majani kama ukungu wa asubuhi.

Sekunde 10, wa pili. Sekunde 10, wa tatu. Bibi alikuwa anahesabu, midomo inacheza bila sauti. Ulipolia wa 14 akanishika mkono, akasema neno moja tu: "Vita." Nikapiga hesabu. Malkia alizaliwa Aprili 1926, mwaka wake wa 14 ndio uliobeba Septemba 1939. Kuanzia hapo na mimi nikawa nahesabu naye. Wa 26 ulipolia nikaikumbuka Nyeri, kwa sababu ni ndani ya mwaka wake wa 26, tarehe 6 Februari 1952, yeye akiwa ziarani Kenya, ndipo baba yake George VI alipofariki usingizini Uingereza, akawa Malkia kabla hajajua kwamba ni Malkia.

Mizinga 96 kwa miaka 96, sekunde 10 kati ya mmoja na mwingine: dakika 16. Sikuona mtu aliyegeuka kuondoka. Saa hiyohiyo ilikuwa inapigwa pia Tower of London, Edinburgh, Cardiff, Hillsborough kule Ireland ya Kaskazini, hadi Gibraltar na kwenye manowari.

Kwa hiyo hesabu ya msiba wa mfalme au malkia anayetawala Uingereza hufuata umri. George VI mwaka 1952 alipigiwa 56. Malkia Victoria mwaka 1901 alipigiwa 81. Mzinga mmoja, mwaka mmoja wa maisha.

Hiyo 21 tuliyoizoea asili yake ni baharini. Mzinga wa zamani ukishaufyatua, kuujaza upya ni kazi: kuusafisha, kumimina baruti, kushindilia, kutia tufe. Meli iliyokaribia bandari ya watu ilipiga mizinga yake yote kuelekea baharini, na kwa kufanya hivyo imejivua silaha mbele ya mwenyeji. Mwenyeji naye akajibu vivyo hivyo. Kwa miaka mingi mataifa yakavutana nani apigiwe mingapi, mpaka 21 ikakubalika kuwa heshima ya juu kwa mkuu wa nchi. Marekani na Uingereza walikubaliana juu ya idadi hiyo mwaka 1875.

Ndani ya London penyewe 21 huongezwa. Hyde Park ni bustani ya kifalme, inaongeza 20, inakuwa 41. Tower of London inaongeza tena 21 kwa ajili ya jiji, inakuwa 62. Ndiyo maana tarehe 10 Septemba 2022, Charles III alipotangazwa rasmi kuwa mfalme, Hyde Park ilipiga 41 na Tower ikapiga 62. Jana yake msiba, leo yake kurithi, na bustani ni ileile.

Lakini jambo hasa lililonileta ni muda wa katikati, maana ndio tunaousahau tukibishania idadi. Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia, alipofariki Aprili 2021, hakupigiwa 99 ya umri wake. Alipigiwa 41, mzinga mmoja kila dakika, ikachukua dakika 40. Hebu mtu akae kimya dakika nzima sasa hivi aone ilivyo ndefu. Kisha azidishe mara 40.

Siku ya mazishi ya Malkia, 19 Septemba, kengele kubwa ya Westminster Abbey iligongwa mara moja kila dakika kwa dakika 96 kabla ya ibada. Baada ya ibada jeneza liliwekwa kwenye kigari cha mzinga kilichovutwa na wanamaji 142, na njia nzima kuelekea Wellington Arch mzinga ulilia Hyde Park kila dakika, na Big Ben ikagonga kila dakika. Hata Windsor alasiri yake, mizinga ilipigwa kwa mwendo huohuo jeneza likipanda njia ndefu ya kwenda ngomeni. Mlio mmoja, kisha unasikia buti na pumzi za watu mpaka mwingine uje. Sekunde zile ndizo zilizowatoa watu machozi.

Naomba kuwasilisha. Wajuzi mnirekebishe na kuongeza nyama.

Mdau wa Tanga

Mkuu umeandika vizuri. Mimi ni baharia, nimekula chumvi miaka 22, naomba niongeze kitu kimoja ambacho wa nchi kavu wengi hawakijui.

Kwenye kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, kuna orodha ya ishara za kuomba msaada. Ya kwanza kabisa ni mzinga au mlipuko mwingine unaopigwa takriban kila dakika moja. Yaani meli iko taabuni, inazama au inaungua, inapiga mmoja, inanyamaza dakika, inapiga tena. Nilipoisoma darasani kwa mara ya kwanza nilimuuliza mwalimu kwa nini dakika. Akasema ukipiga harakaharaka, aliye mbali atadhani ni vita au sherehe. Ukipiga kwa dakika, anajua huyu anaita.

Sasa nikisikia mzinga wa dakika kwenye msiba nasikia jambo hilohilo, watu walio taabuni wanaita.

Mleta uzi

Mkuu wa Tanga, hili sikulijua, na limenigusa. Ahsante sana.

Mdau wa Nairobi

Swali kwa mleta mada. Babu yangu aliyefanya kazi kwenye meli za Waingereza alikuwa akisema furaha hupigiwa witiri na msiba hupigiwa shufwa. 21 ni witiri, 19 ni witiri, lakini ni za heshima ya kawaida. 96 na 56 ni shufwa. Je, ndiyo kanuni?

Halafu huku kwetu Mzee Moi alipozikwa Kabarak Februari 2020 alipigiwa 19, na Mzee Kibaki kule Othaya Aprili 2022 pia 19. Watu walilalamika sana mtandaoni kwamba wamepunjwa. Mimi sioni kupunjwa. Walikuwa marais wastaafu, na 21 ni ya aliye madarakani.

Mleta uzi

Mkuu, babu yako hakukosea, ni mila ya kale ya mabaharia. Lakini kwenye misiba ya kifalme haikufuatwa. Victoria alipigiwa 81, hiyo ni witiri. Philip 41, witiri pia. Za Elizabeth na baba yake zilitoka shufwa kwa sababu umri wao ndio ulioangukia hapo.

Kuhusu Moi na Kibaki nakuunga mkono. Linganisha na Hayati Magufuli, aliyefariki akiwa madarakani: Chato, Machi 2021, mizinga 21. Ngazi inasomeka wazi.

Askari mstaafu

Nawasalimu. Nilitumikia kikosi cha mizinga hapa Tanzania, nimestaafu, nalima. Nataka kunyoosha mambo mawili yanayochanganywa hata na watangazaji.

Kwanza, mizinga si risasi. Askari wa kawaida akizikwa, wenzake hupanga mstari na bunduki wakafyatua hewani mara tatu. Hizo ni risasi za heshima, mikupuo mitatu. Mzee mmoja aliyetufundisha alisema zamani vita vilisimama ili kila upande uondoe maiti wake uwanjani, na ukimaliza unapiga mara tatu kuashiria tumeshamaliza. Mizinga ni heshima ya pembeni kabisa na hiyo, ina ngazi zake, na hupigwa mbali na kaburi.

Pili, watu wanauliza makombora yanaangukia wapi. Hayaangukii popote, hayapo. Ni ganda na baruti, mbele pameziba tu. Lakini usisimame mbele ya mdomo wa mzinga kwa kudhani ni mchezo, ule moto na upepo wake unaua.

Kazi ngumu kwenye mizinga ya msiba ni kuhesabu. Mkubwa mmoja anashika saa, macho hayatoki kwenye mshale wa sekunde. Mwingine anahesabu. Kichwa hakiaminiki, ukishapigiwa milio kumi jirani na sikio akili inaanza kuelea. Mimi nilitumia kokoto. Kama ni 21, naokota kokoto 21, naziweka mfuko wa kulia. Mzinga ukilia nahamisha moja kushoto. Sisemi na mtu, sitazami msafara, natazama mkono wangu.

Mdau wa Unguja

Uzi mzuri, lakini ruhusa nizungumze kwa uchungu kidogo. Tunaisifu mizinga ya Waingereza, na sisi Unguja tunaijua kwa sura yake nyingine.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Kwa ada ya Kiislamu hakucheleweshwa, saa 8 na nusu mchana alikuwa ameshazikwa. Nusu saa baadaye mizinga ya jumba la kifalme ikalia, salamu kamili ya kisultani, kutangaza kwamba Khalid bin Barghash ndiye aliyeketi. Hakuna aliyeuliza maana yake. Mji mzima, pamoja na ubalozi wa Uingereza, ulielewa.

Waingereza hawakumtaka Khalid, walimtaka Hamoud bin Mohammed. Wakampa muda mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27. Saa 3 na dakika 2 meli zao bandarini zikafungua mizinga, safari hii yenye makombora. Haikufika hata saa moja. Jumba likaungua, meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama palepale mbele ya mji, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wakafa au kujeruhiwa. Upande wa Uingereza baharia mmoja alijeruhiwa.

Kwa hiyo ndani ya siku tatu Unguja ilisikia mizinga ya kutawazwa na mizinga ya kuuawa. Naomba mtu anapoandika kuhusu utukufu wa Hyde Park aikumbuke na hii.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Unguja, umesema kweli na sina la kupinga. Nilipokuwa naandika nilifikiria mlolongo wa London tu, leo msiba kesho kutawazwa, na wewe umeonyesha kwamba hata Unguja mpangilio ulikuwa uleule: maziko kwanza, mizinga ya mrithi baadaye. Pale ilikuwa nusu saa kwa sababu Khalid alijua akichelewa atapitwa. Mzinga ule ulikuwa tangazo la haki yake, na Waingereza wakautendea kama tangazo, ndiyo maana walijibu kwa silaha.

Niliwahi kusimama mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani hapo Unguja, kabla sehemu yake haijaporomoka mwaka 2020, nikashika ile mizinga ya shaba ya Wareno iliyokuwa imewekwa pale. Ilikuwa na joto la jua, na watoto walikuwa wameipanda kama farasi. Sikuwaza haya yote siku ile. Sasa nayawaza.

Mdau wa Nairobi

Kumbe neno lenyewe lina safari. Mzinga kwetu ulikuwa gogo lililochongwa likawa wazi katikati, unalitundika mtini nyuki waingie. Wazee walipoona lile bomba la chuma wakalipa jina la kitu walichokijua.

Mdau wa Muscat

Assalaam alaykum. Naongeza upande wa huku. Wafalme wa Kiislamu si wote wanaopigiwa mizinga wakifa. Mfalme Abdullah wa Saudia alifariki Januari 2015, akasaliwa siku hiyohiyo baada ya Alasiri, akafungwa sanda ya kawaida bila jeneza, akazikwa makaburi ya Al-Oud mjini Riyadh, kaburi lisilo na jina. Hata bendera hawakuishusha, kwa sababu ina shahada.

Hapa Oman Sultani Qaboos alifariki 10 Januari 2020. Mimi nilikuwa nyumbani, nikatoka barabarani asubuhi ya tarehe 11 alipopelekwa Ghala kuzikwa. Alitawala tangu 1970, wengi wetu hatukujua Sultani mwingine. Ninachokumbuka ni wanaume wazima wamesimama kando ya barabara kanzu zao zimelowa machozi kifuani, na dukani kwa Mhindi jirani redio inasoma Qur'ani.

Mizinga ni ada za watu na tunaziheshimu. Ila kwa maiti wetu, dua ndiyo inayomfikia.

Mdau wa Kampala

Na kwetu Buganda msiba wa Kabaka hautangazwi kwa baruti. Mlangoni pa Lubiri, ikulu ya Mengo, kuna moto uitwao ggombolola. Unawaka usiku na mchana muda wote Kabaka akiwa hai. Akifariki unazimwa, na watu husema moto wa Buganda umezimika. Hawasemi amekufa. Mutesa II alifia uhamishoni London mwaka 1969, mwili wake ukarudishwa 1971 ukalazwa Kasubi pamoja na baba zake.

Nikisoma habari ya dakika za ukimya naona ni lugha moja. Kwenu sauti inakuja halafu inakosekana. Kwetu ni mwanga.

Mdau wa Tanga

Mleta mada, umegusia kigari cha mzinga ukapita haraka. Kwa nini kinavutwa na wanamaji wakati mizinga yenyewe huvutwa na farasi?

Mleta uzi

Hapo ni mazishi ya Victoria, 2 Februari 1901, Windsor. Baridi kali, farasi wamesimama kituoni muda mrefu wakingoja treni yenye jeneza. Walipotakiwa kuondoka wakacharuka, hatamu za kukokotea zikakatika, na jeneza la Malkia liko juu ya kigari. Wanamaji waliokuwa wamepangwa kama walinzi wa heshima wakaamriwa waweke silaha chini. Wakatafuta kamba, wakakivuta wenyewe mpaka ngomeni. Lililofanywa kwa dharura likawa ada. Kigari hichohicho kilimbeba Edward VII mwaka 1910, George V 1936, George VI 1952, na Elizabeth 2022. Baadhi ya wale 142 hutembea nyuma wameshika kamba, hao ndio breki.

Mdau wa Nairobi

Askari mstaafu, kama bado upo: mzinga ukigoma kulia mnafanyaje? Maana mbele ya dunia nzima hakuna kurudia.

Askari mstaafu

Nipo. Daima kuna mzinga wa akiba umeshajazwa, na wapigaji wake wamekaa tayari kama wenzao. Ukigoma mmoja, aliyeshika saa ananyoosha mkono kwa wa akiba, basi. Ule uliogoma haufunguliwi hapohapo, unaachwa umeelekea kulekule, maana baruti iliyochelewa inaweza kuwaka mkononi mwako.

Imenitokea mara moja. Msiba wa kiongozi, sitamtaja wala mahali. Wa 8 uligoma. Nilisikia kile kidude kinagonga, "ta", kisha hakuna. Mkono ukanyooshwa, wa akiba ukalia. Kuchelewa kwake hakukuzidi sekunde 3. Redioni hakuna aliyesema, na waombolezaji waliosimama kando ya kaburi nadhani hawakujua. Mimi kokoto ya 8 ilikuwa tayari iko kati ya mfuko na mfuko, nimeishika hewani, siwezi kuiweka kushoto na siwezi kuirudisha kulia, mpaka mlio ulipokuja.

Tulimaliza 21. Jioni, uwanja ulipobaki mtupu, nilizirudisha kando ya barabara nilikoziokota asubuhi, zote 21.